Jina Lililoitwa Nusu

Mtoto aliitika kabla hajaitwa.

"Abee!" alisema Scola, akaweka chaki yake sakafuni, akajipangusa gauni, akaenda nyuma ya pazia la studio kama mtoto aliyefunzwa adabu.

Tusekile, mama yake, alikuwa mezani anakata picha za pasipoti kwa mkasi. Hakuwa amefungua mdomo. Ilikuwa Jumanne saa tano asubuhi, mwezi wa kumi mwaka 2010, na umeme ulikuwa umekatika Tunduma nzima tangu jana yake jioni. Nje malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamejipanga kama kawaida yake. Dukani walikuwa wawili tu, yeye na mwanawe wa miaka sita.

"Nani amekuita?"

Scola akachungulia kutoka nyuma ya pazia. "Si wewe, mama?"

"Mimi nimekuita saa ngapi?"

Mtoto akafikiri kidogo. "Basi ni yule mwingine," akasema, akarudi kwenye chaki yake.

Ningekuwa mimi, ningefunga duka pale pale. Lakini Tusekile alikuwa na oda ya picha za kipaimara za kanisa zima, na mtu mwenye oda hana nafasi ya kuogopa. Akacheka, akaendelea kukata. Harufu ya udongo uliomwagiwa maji ilimpitia puani, akafikiri mvua inakuja. Alipochungulia nje, mbingu zilikuwa nyeupe na vumbi lilikuwa limesimama juu ya barabara.

Ili uelewe, turudi nyuma siku chache. Mteja mmoja alikuwa ameleta flashi yenye virusi. Kufumba na kufumbua mafolda yote ya Tusekile yakatoweka kwenye kompyuta, vikabaki vialama vyenye mishale ambavyo ukivibonyeza havifungui chochote. Miaka minne ya harusi, vipaimara na misiba, kila mteja na folda yake yenye majina yake mawili, vyote havionekani. Tusekile alilia. Ndipo akaja Ayoub, fundi wa kompyuta wa ng'ambo ya barabara, mdomo umejaa karanga kama kawaida yake.

"Hayajapotea, dada Tuse. Yamefichwa tu. Unayafuata kwa mlango wa nyuma."

Akafungua kidirisha cheusi kisicho na picha wala rangi, akamfundisha kuandika amri kwa mkono: dir, halafu /a ili ione na vilivyofichwa, halafu jina la folda. Kisha akachukua kipande cha boksi la biskuti, akaandika kwa kalamu nene na kukibandika ukutani: JINA LENYE NAFASI KATIKATI, FUNGUA SEMI, FUNGA SEMI.

"Hapo ndipo wengi wanakosea," alisema. "Mashine haina akili. Ukiandika majina mawili bila kuyafunga pamoja, inadhani ni watu wawili. Inamtafuta wa kwanza peke yake, inamtafuta wa pili peke yake, halafu inarudi kukwambia hawapo wote."

Jumatatu, siku moja kabla mtoto hajaitika, alikuwa ameingia Mzee Sadoki Mbonile kutoka Nanyala, amevaa koti zito kwenye jua lile. Tusekile alimkumbuka. Mwezi wa nane alikwenda kupiga picha za harusi ya ndugu yao kule Iyula, na binti wa mzee huyu alimvuta pembeni, akataka apigwe peke yake katikati ya mibuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Yule binti yangu tulimzika mwezi uliopita."

"Pole sana, baba. Jamani! Yule Scola?"

Mzee akainua kiganja haraka, kama anayezuia mlango usifunguke. "Usimtaje hivyo. Sema Scola Mbonile."

Akaeleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Katika ukoo wao jina la marehemu haliachwi likae tu. Inapangwa siku, anatafutwa mtoto, anakalishwa kwenye mkeka na kukabidhiwa jina. Zamani walimwekea mapajani jembe la marehemu au kitenge chake; siku hizi wanaweka picha. Siku ya Scola Mbonile ilikuwa Jumamosi hiyo, na picha yake duniani ilikuwa moja tu, ile ya kwenye mibuni.

"Mpaka siku hiyo, jina lake haliitwi peke yake," alisema. "Tunalitaja pamoja na la ukoo, lijue kwao ni wapi. Na wewe, mama, ukilitafuta humo ndani, usilitenganishe."

"Sawa, baba," alijibu Tusekile, kwa ile sawa ambayo sote tunawapa wazee.

Jioni hiyo umeme ulikuwa unakonyeza. Tusekile alitaka kuiwahi picha kabla haujaondoka, akaandika mbiombio: dir /a Scola Mbonile. Akabonyeza enta. Ndipo alipoona hakufungua semi wala hakufunga.

Mashine ilipaswa kumwambia hawapo wote wawili. Badala yake ilinyamaza. Feni ya sipiyu, lile boksi la chini ya meza, ilianza kuvuma, ikapanda, ikapanda, halafu ikatulia ghafla. Kwenye kidirisha cheusi ikatokea mistari michache. Mbonile, hayupo. Scola, yupo: folda moja, tupu, imeundwa leo.

Tusekile hakuwahi kuunda folda ya jina hilo moja. Alisogeza uso karibu asome vizuri, na umeme ukakatika. Akabeba mkoba, akamshika mwanawe mkono, wakaenda nyumbani.

Kosa lenyewe ndilo hilo. Hakukanyaga kaburi, hakutukana mzimu wa mtu. Aliharakisha tu.

Jumatano umeme ulirudi, na ile harufu ya udongo mbichi ilikuwa imejaa dukani. Tusekile alifagia, akapiga deki, harufu ikazidi. Akawasha kompyuta. Safari hii alifuata maandishi ya ukutani: akafungua semi, akaandika Scola Mbonile, akafunga semi. Mashine ikajibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Akarudia. Hakuna. Akatazama jina moja peke yake, Scola. Ipo. Ndani yake, picha moja, ya leo, ya dakika nne zilizopita.

Aliifungua. Ilikuwa picha ya duka lake, imepigwa kutoka chini kabisa, pale miguu ya meza inapogusa sakafu. Kwa mbali, karibu na pazia, zilionekana kandambili mbili za kijani na visigino vya mtoto aliyechuchumaa.

Tusekile aligeuka. Scola alikuwa amechuchumaa karibu na pazia, amevaa kandambili za kijani.

Akamwita Ayoub kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Ayoub akaja, akatazama, akainama chini ya meza, akainuka.

"Dada, hii kompyuta haina kamera."

"Najua haina. Kamera yangu iko kabatini, haina hata betri."

"Basi ni virusi." Aliifuta ile picha. Akauliza tena, zikawepo mbili. Akafuta mbili, zikawepo tatu, na katika kila moja mtoto alikuwa karibu zaidi, magoti, kisha mgongo, kisha shingo na zile nywele zake zilizosukwa Jumapili. Ayoub akachomoa waya ukutani. Kioo kikazima. Feni haikuzima. Iliendelea kuvuma chini ya meza, polepole, ikikatika na kurudi, ikikatika na kurudi, na wote wawili walisimama wakiisikiliza mpaka wakaelewa kwamba ile haikuwa feni, ilikuwa pumzi.

Ayoub aliacha kutafuna. Akasoma Ayatul Kursiy kwa midomo tu, bila sauti, mpaka mwisho.

"Mimi ni fundi wa mashine, dada Tuse," alinong'ona. "Hii siyo mashine. Mchukue mtoto muende."

Alimchukua. Alhamisi hakufungua duka. Lakini asubuhi ile Scola hakuitika alipoitwa kunywa uji. Alikuwa amekaa kitandani macho wazi, anatabasamu kwa adabu, kama anayemsikiliza mtu mwingine. Zahanati walimpima malaria, hana. Wakampima joto, wakasema yuko baridi kidogo, apewe maji ya sukari. Njiani kurudi nyumbani aliuchopoa mkono wake. Tusekile alimkimbiza akimwita, "Scola! Scola wee!" na kila alipoita mtoto alizidi kwenda mbio. Alimkuta kwenye baraza ya duka, mdomo umegusa mlango uliofungwa, anaongea. Alikuwa anaongea Kinyiha, lugha ya kina Mzee Sadoki. Tusekile ni Mndali wa Ileje, baba wa mtoto ni mtu wa Momba. Hakuna aliyewahi kumfundisha mtoto yule neno moja la Kinyiha. Na sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke mzima anayepatana jambo.

Hapo Tusekile aliogopa kweli. Hakuogopa tena harufu wala pumzi. Aliogopa kwamba mwanawe yuko pale anamshika kwa mikono yake miwili na wakati huo huo anaondoka. Akampigia simu Mzee Sadoki, akashindwa kueleza, akalia tu kwenye simu. Mzee hakuuliza maswali.

"Usimwite tena," alisema. "Kesho nakuja na dada yangu."

Ijumaa saa sita mchana Mzee Sadoki alifika na Bibi Edina, dada yake mkubwa, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Yeye ndiye aliyekabidhi majina ya ukoo wao kwa miaka thelathini. Tusekile alifungua mlango wa duka. Mtoto aliingia wa kwanza, akaenda moja kwa moja chini ya meza, akakaa mkabala na sipiyu, ameikumbatia miguu yake.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na waya ulikuwa bado umechomolewa. Kioo kilikuwa kinawaka.

Bibi Edina alikaa kwenye stuli ya wateja. "Ulimwitaje?" aliuliza.

"Niliandika majina yote mawili, bibi. Ila sikuyafunga pamoja. Ile mashine ikayatenganisha." Akamsomea maandishi ya Ayoub ya ukutani.

Nilitegemea bibi wa Nanyala asielewe mambo hayo. Alielewa mara moja.

"Basi ni kama sisi tu," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Binti yetu amelala kwa Bwana, huyu siyo yeye. Hili ni jini la njiani. Halina jina, na kitu kisicho na jina hakiwezi kukaa ndani ya mtu. Linasubiri jina lililoachwa wazi, halijakabidhiwa, na mtu wa kuliita nusu. Wewe umeliita nusu. Na hiyo nusu uliyolipatia jini ndiyo jina la mwanao."

"Liambieni litoke! Nimewakosea nini?"

"Litaambiwa na nani? Uliita wewe. Ulipolikata ndipo utakapoliunga."

Tusekile alikaa kwenye kiti chake. Kidirisha cheusi kilikuwa kimejifungua chenyewe. Akafungua semi, akaandika Scola Enoka, jina la mwanawe na la mume wake, ambaye wakati huo alikuwa na lori lake huko Kitwe, akafunga semi, akabonyeza, akaita kwa sauti, "Scola Enoka!" Mashine ikasema hayupo. Mtoto hakugeuka.

"Hilo limeshapita," alisema Bibi Edina, na safari hii sauti yake ilikuwa ya huruma. "Jini limeshalikata. Limebaki moja ambalo haliwezi kulikata, kwa sababu lina ukoo mzima nyuma yake."

Tusekile alielewa. Alimtazama Mzee Sadoki, na mzee akatazama sakafu, kwa kuwa yeye pia alikuwa ameelewa.

"Lakini huyu ni mwanangu mimi," alisema.

"Tutakuwa naye wote," alisema Bibi Edina. "Au hatutakuwa naye hata mmoja wetu."

Wakati huo ilisikika sauti chini ya meza ikimwita mtoto. Ilisema, "Scola, njoo. Scola, mama nakuita," na ilikuwa sauti ya Tusekile mwenyewe, sauti yake ya jioni, ile ya kumwita mtoto aje kuoga, tamu na yenye uchovu kidogo, na mtoto akafumbua mdomo kuitika na akaanza kuinama kuelekea lile boksi ambalo haliwezi kumeza hata paka, akainama mpaka paji la uso likagusa bati, na Tusekile, vidole vikiteleza kwa jasho, harufu ya kaburi imemjaa kooni, akafungua semi, akaandika Scola, akabonyeza nafasi, na ile nafasi ikaendelea yenyewe, ikarefuka kwenye kioo, ikausukuma mshale mbali kama vile kuna kitu kimelala katikati kinazuia jina la pili lisisogee, naye akafuta, akarudisha, akafuta, akarudisha, huku akipiga kelele kwa mdomo kile ambacho mkono ulishindwa kuandika, "Scola Mbonile! Scola Mbonile! Mwanangu, Scola Mbonile!" mpaka herufi zikakubali kukaa moja baada ya nyingine, na akafunga semi, na akabonyeza.

Ile pumzi ikakatika.

"Abee, mama," alisema mtoto, kwa sauti yake ya miaka sita. Akatoka chini ya meza akiwa na vumbi kwenye paji la uso. "Nina njaa."

Kwenye kioo folda ya Scola Mbonile ilikuwepo, na ndani yake picha moja: mwanamke kijana katikati ya mibuni ya Iyula, anacheka, mkono umeshika tawi. Kisha kioo kikazima, kama kilivyotakiwa kuwa tangu Jumatano.

Umeme uliporudi jioni Tusekile alirudisha waya ukutani, akaichapa ile picha na kuitia kwenye fremu. Jumamosi, Nanyala, mwanawe alikalishwa kwenye mkeka, picha ikawekwa mapajani. Mzee Sadoki alipiga magoti mbele ya mtoto yule na kumwita binti yangu, akalia kwa furaha hadi koti lake likalowa. Watu walimshukuru Tusekile, wakamshika mikono, wakampa kahawa na kuku. Yeye alikaa nyuma na wanawake wa jikoni, akajisikia mgeni. Alikuwa amempata mtoto na amemgawa, kwa jina moja hilo hilo.

Walipokuwa wanaagana Bibi Edina alimshika bega.

"Hatukulifukuza," alisema. "Tumelinyima mlango tu. Ile nusu uliyolipatia bado linayo. Kwa hiyo asiitwe nusu tena, mwanangu. Si wewe, si mtu yeyote. Akiitwa nusu, yeye hataitika. Ila kitakuwepo cha kuitika."

Tusekile alifuata. Wateja waliozoea kumwita Mama Scola walikuta karatasi mlangoni: NAITWA TUSEKILE. Shuleni alibadilisha jina, akasema ni la ukoo. Ayoub alitoa nyaya zote za ile sipiyu, akaitoa na diski, akaivunja kwa nyundo; boksi lenyewe, tupu, lilibaki chini ya meza kwa sababu hakuna aliyekubali kulibeba. Tusekile akanunua laptopu. Mtoto alicheka, alikula, alinenepa. Wakati mwingine alimwambia mama yake habari za mibuni ya Iyula, ambako hajawahi kufika, lakini hilo Tusekile alijifunza kulizoea.

Enoka alielezwa yote kwa simu. Alicheka mpaka akapaliwa. "Nikija Krismasi nitamwita jina lake nililompa mimi," alisema. Tusekile alimsihi, akaapa, akalia. Mtandao wa Zambia ukapotea.

Alikuja siku mbili kabla ya Krismasi, saa nane mchana, bila kupiga simu, kwa sababu alitaka kuwashtukiza. Tusekile alikuwa uani, nyuma ya duka, anamsuka mtoto nywele. Alisikia lori likizima upande wa barabarani. Alisikia viatu vya mumewe kwenye baraza na sauti yake ya utani ikimsalimu mama mwenye nyumba kwa Kibemba cha Zambia, "Mulishani, bamayo!" Alifungua mdomo amzuie, na chanuo likamponyoka mkononi.

"Scola!" aliita Enoka kutoka mlangoni. "Scola mwanangu, baba amekuja!"

Mtoto, katikati ya magoti ya mama yake, hakugeuka. Aliendelea kuhesabu shanga zake.

"Abee, baba," ilijibu sauti ndogo tamu kutoka chini ya meza.

Na Enoka, ambaye alikuwa hajaisikia sauti ya mwanawe kwa miezi mitatu, alitabasamu, akaweka mifuko yake chini, akainama, akaingia kumtafuta.